Kurudi Kenya na gari lako kutoka Uingereza: hesabu tarehe kabla ya kuulizia meli

Anayejiandaa kurudi nyumbani huanza kwa kuulizia nauli ya meli kutoka Southampton mpaka Mombasa. Hilo liwe swali la mwisho. Gari la mhamaji huingia Kenya bila ushuru kwa sababu mwenyewe ana tarehe nne zilizotimia, na karatasi za kuzithibitisha. Moja ikipungua, hata kwa wiki mbili, gari lile lile kwenye bandari ile ile litatozwa kama la mfanyabiashara wa Ngong Road, au litakataliwa kabisa kwa umri wake.

Tuone kwanza ni pesa ngapi. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, gari la petroli la cc 2,000 ambalo forodha imelithamini kuwa shilingi 1,000,000 linadaiwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 25, haupigwi juu ya ile milioni. Unapigwa juu ya 1,350,000, na hapo ni 337,500. VAT ya asilimia 16 nayo inakuja juu ya jumla iliyokwisha kuvimba, 1,687,500, ikileta 270,000. Zote pamoja ni 957,500. Ukiongeza ada ya tamko la kuingiza bidhaa, IDF, ya asilimia 2.5 na tozo ya reli, RDL, ya asilimia 2, deni linavuka milioni. Umelinunua gari lako mara ya pili. Tena thamani hiyo ya forodha haitoki kwenye risiti yako ya pauni. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ina orodha yake ya bei za magari, CRSP, na ndiyo inayoanzia hesabu kabla ya kupunguza uchakavu kulingana na umri wa gari. Kumwambia afisa kwamba ulilipata kwa bei nafuu hakubadilishi kitu.

Msamaha wenyewe umeandikwa katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na KRA ina masharti yake juu ya hapo kwa mkaazi anayerejea. Awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe anahamia kweli na si kutembea, na awe hajawahi kupewa msamaha wa aina hii. Gari ni moja tu. Basi, minibasi ya abiria zaidi ya 13 na gari la mizigo la zaidi ya tani 2 hayamo.

Sasa tarehe.

Miaka miwili nje, na siku 90 zinazowaponza wengi

Lazima uwe umeishi nje ya Kenya angalau miaka miwili kabla ya siku ya kurudi, na katika miaka hiyo miwili usiwe umekaa Kenya kwa jumla ya siku 90 au zaidi. Neno zito hapo ni jumla. Aliyekuja Krismasi moja akakaa siku 35, akaja kwenye mazishi akakaa siku 28, kisha akaja kukagua ujenzi wa nyumba kwa siku 30, ameshafikisha 93. Kila safari ilikuwa fupi, na hakuna aliyemwambia kitu uwanjani JKIA. Atakayemwambia ni afisa mwenye pasipoti yake mkononi, gari likiwa tayari limeshuka.

Kwa hiyo chukua pasipoti zako zote, pamoja na zilizokwisha muda, uandike kila mhuri wa kuingia na wa kutoka Kenya kwa miaka miwili iliyopita. Mwenye uraia pacha ajumlishe pasipoti zote mbili, maana siku ulizoingia kwa ile ya Uingereza ni siku vilevile. Usitegemee mihuri ya upande wa Uingereza: anayepita kwenye milango ya kielektroniki ya Heathrow hagongewi chochote, kwa hiyo ushahidi wako wa kuwa nje unatoka kwenye mihuri ya Kenya yenyewe, hati za mshahara, kodi ya nyumba na bili za manispaa. Ukiona umefikia siku 80 na bado una miezi kadhaa kabla ya kuhama, ahirisha ile safari ya kwenda kuona shamba. Ukiona umeshazidi, dawa ni kusogeza mbele tarehe ya kurudi mpaka safari ya zamani zaidi itoke nje ya ile miaka miwili.

Miezi 12 ya kumiliki na kutumia

Sheria inataka gari uwe umelimiliki wewe mwenyewe na kulitumia nje ya nchi kwa muda usiopungua miezi 12, na inasema wazi kwamba muda wa safari ya meli hauhesabiwi. Aliyenunua gari Machi, akalipakia Januari, akitumaini baharini patamalizia miezi iliyobaki, amepotea.

Kwenye kumiliki, kitabu cha gari cha Uingereza, V5C, hakikubebi peke yake kama watu wanavyodhani. Kimeandikwa chenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Kinamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, basi. Kinaonyesha tarehe uliyolichukua gari, na hiyo ni muhimu sana, lakini kiambatanishe na risiti ya ununuzi yenye jina lako na namba ya chesisi, pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha pesa zikitoka.

Hapa ndipo gari la mkopo linapoleta matatizo. Kwa mikataba ya PCP (mkopo wa gari unaoacha malipo makubwa mwishoni) na ya kukodi-ununue, mmiliki ni kampuni ya mkopo mpaka senti ya mwisho, hata kama V5C ina jina lako. Kwanza, huruhusiwi kulitoa nchini bila idhini yao. Pili, afisa akiuliza ni nani aliyekuwa mwenye gari miezi 12 iliyopita, mkataba wako mwenyewe unamjibu vibaya. Mwenye nia ya kurudi na gari alipe mkopo wote mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupakia, kisha apate barua ya kampuni inayosema deni limekwisha na tarehe lilipokwisha. Anayesubiri kulimaliza deni wiki ya kuhama amejitengenezea mabishano. Gari la kampuni unayofanyia kazi halimo kabisa, hata kama umeliendesha miaka mitano na watoto wanaliita la baba.

Majina nayo. Bima ina jina la mume, V5C ina jina la mke, anayeomba msamaha ni mume: hapo tayari pana pengo. Aidha Wakenya wengi tuna majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye V5C, au jina la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti. DVLA, wasajili wa magari wa Uingereza, husahihisha jina kwenye V5C, na kitabu kipya huchukua wiki kadhaa kufika, kwa hiyo lifanye mapema. Jina liwe moja kwenye pasipoti, V5C, risiti, cheti cha PIN (namba ya mlipakodi) cha KRA na hati ya shehena ya meli.

Kwenye kutumia, Waingereza wamekusaidia bila kujua. Gari likishafika miaka mitatu hufanyiwa MOT, ukaguzi wa lazima wa usalama, kila mwaka, na kila cheti kina maili zilizosomwa siku hiyo. Vyeti viwili vya MOT vinavyoonyesha maili zikipanda, cheti cha bima chenye jina lako kwa mwaka mzima, na risiti za gereji: huo ni ushahidi usiohitaji maelezo. Gari lililoegeshwa uani mwaka mzima bila bima wala kodi ya barabara umelimiliki, lakini hukulitumia.

Miaka minane

Sharti hili si la KRA, ni la KEBS, shirika la viwango la Kenya, kupitia kiwango KS 1515:2000, na mhamaji hasamehewi. Kila mwaka KEBS hutoa tangazo linalowataja kwa jina wakaazi wanaorejea na wanadiplomasia pamoja na umma wote, ili asijidanganye mtu. Hesabu yake inafuata mwaka wa kalenda. Kwa mwaka 2026, yanaruhusiwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 1 Januari 2019. Maana yake gari la 2019 linatakiwa liwe limefika Mombasa kufikia 31 Desemba 2026. Likitia nanga siku ya mwaka mpya limeshazeeka. Kinachohesabiwa ni kufika. Tarehe ya kupakiwa Uingereza haikusaidii.

Ndiyo maana kupakia gari la mwaka wa mwisho baada ya Septemba ni kucheza kamari. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ratiba zimekuwa zikiteleza kwa wiki nzima nzima. Kontena hushushwa bandari ya katikati kungoja meli nyingine, na hakuna atakayekulipa kwa sababu gari lako limetimiza miaka minane likiwa limepangwa kwenye gati la nchi ya watu.

Kwenye V5C tazama tarehe mbili: B, usajili wa kwanza popote duniani, na B.1, usajili wa kwanza Uingereza. Gari lililoletwa Uingereza kutoka Japani lina tarehe mbili tofauti, na ya kutazama ni ya zamani. Pia mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza visipishane kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Majirani wana hesabu nyingine, ingawa sheria ya forodha ni ile ile ya Jumuiya. Tanzania haizuii gari kwa umri ila inaliongezea ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 mpaka 10, na 30 kwa lililozidi 10. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa magari ya zaidi ya miaka 15. Usichukue ushauri wa rafiki wa Dar au Kampala ukaupeleka Mombasa.

Siku 90 baada ya kufika

Gari liingie ndani ya siku 90 tangu wewe ulipofika, au muda mrefu zaidi ambao Kamishna ataruhusu, usiozidi siku 360. Omba nyongeza hiyo kwa maandishi kabla siku 90 hazijaisha, ukieleza sababu na kuambatanisha hati ya shehena.

Mpangilio mzuri ni mwenye gari atangulie wiki moja au mbili. Gari likitangulia, hakuna mhuri wa kuingia wa kuonyesha kwamba umehamia, wakala hawezi kuomba msamaha wa mtu asiyekuwepo, na gharama za kuhifadhi zinaanza kukimbia.

Wanaotoka Marekani, Ujerumani, Oman na Dubai

Kenya haisajili magari yenye usukani wa kushoto, isipokuwa aina chache kama ambulensi na magari ya zimamoto. Kubadilisha usukani kwenye gereji si suluhisho. Lakini sheria haikuwasahau walioishi upande huo. Aliyemiliki gari la usukani wa kushoto kwa angalau miezi 12 anaweza kuliuza na kuleta la usukani wa kulia, kwa msamaha ule ule, mradi thamani ya hili jipya isizidi ya lile la zamani.

Mfuatano ndio unaowaangusha watu. Gari la kushoto lazima liwe limeuzwa kabla ya wewe kurudi Kenya, na uwe na karatasi ya kuuzwa kwake: mkataba wa mauzo, usajili uliohamishwa au kufutwa, pesa zilizoingia benki. Mtu akiliacha gari Muscat kwa shemeji aje aliuze polepole, amekosa sharti. Kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu au Kijerumani kitafsiriwe rasmi kabla hujaondoka, ukiwa bado karibu na ubalozi. Kuhusu thamani, aliyekuwa na Corolla Dubai asitarajie kuleta Land Cruiser V8 kutoka Japani kwa kisingizio cha kubadilishana. Ule umri wa miaka minane unalihusu gari jipya vilevile.

Je, gari lenyewe linastahili kuletwa?

Swali hili watu huliruka kwa sababu ya mapenzi yao kwa gari. Gari la dizeli la Euro 6 lina kichujio cha moshi cha DPF na tangi la AdBlue, kimiminika cha kupunguza sumu ya moshi, na lilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango kilichoanza Afrika Mashariki mwaka 2015 kiliweka kikomo cha 50. DPF inahitaji pia mwendo mrefu wa kasi ili ijisafishe. Foleni ya Mombasa Road haiipi nafasi hiyo. Kichujio kikiziba, taa inawaka, injini inapunguza nguvu, na fundi wa kwanza utakayempata atapendekeza kukikata. Petroli ya kawaida au haibridi ya Kijapani haina shida hizo.

Vipuri: Vauxhall ni jina la Uingereza peke yake, na ingawa ndugu yake ni Opel, usitarajie kukuta bampa yake kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi. Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Volkswagen na Mercedes zina mafundi na vipuri. Ukiwa na gari la ajabu ambalo msamaha wake ungeokoa laki tatu, liuze huko huko ulete pesa.

Karatasi za Uingereza

Ukaguzi wa KEBS unafanyika huko huko kabla ya kupakia, kwa sababu Uingereza ni moja ya nchi zenye wakala wake wa ukaguzi, kama Japani na Falme za Kiarabu. MOT, hata iliyofanywa jana, haiwi badala yake. Wanatazama chesisi, maili, breki, taa, matairi, kioo cha mbele, uvujaji wa mafuta na kutu ya chini. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula mabomba ya breki na sehemu za chesisi, na gari lililong'arishwa juu huanguka kwa kutu iliyo chini. Weka ukaguzi wiki tatu au nne kabla ya meli ili ukishindwa upate nafasi ya kutengeneza na kurudi. Gari linalotoka nchi isiyo na wakala hukaguliwa Mombasa. Linalotoka nchi yenye wakala likifika bila cheti linaanza maisha mapya kwa mgogoro.

Baada ya cheti, V5C. Ndani yake kuna sehemu ya kuarifu kwamba gari linatoka nchini moja kwa moja. Ijaze, ikate, uitume hiyo peke yake kwa DVLA, Swansea. Kilichobaki kaa nacho, kwa maana ndicho forodha ya Kenya na NTSA, wasajili wa magari wa Kenya, watakachotaka kukiona, na wanataka halisi. Anayetuma kitabu kizima hukipata tena kwa tabu au hakipati kabisa. Kabla ya kukata, skani kila ukurasa. Weka barua yenye anwani yako mpya ili miezi kamili iliyobaki ya kodi ya barabara irudishwe. Ikiwa una namba binafsi uliyoinunua, iondoe kwenye gari kwanza. Ukishaarifu kwamba gari limetoka, umechelewa. Bima usiisitishe mpaka gari liwe limekabidhiwa bandarini, na uiombe kampuni barua ya miaka uliyokaa bila kudai fidia.

Kontena au RoRo

Kwenye RoRo gari linaendeshwa mpaka ndani ya meli. Ni nafuu, hakuna kontena la kurudisha, lakini halibebi mizigo. Kitakachoachwa ndani kitakuwa cha atakayekikuta. Liache na mafuta robo tangi au chini, betri ikiwa nzima, ufunguo mmoja, na kingamizi ya wizi ikiwa imezimwa.

Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9. Mlango wake una upana wa mita 2.34 na kimo cha 2.28. Gari la upana wa mita 1.9 linabakiwa na sentimita 22 kila upande, na mlango wa gari haufunguki kwa nafasi hiyo. Dereva anatokea dirishani au nyuma. Hapo kuna mtego: mara nyingi betri hutolewa waya baada ya gari kufungwa, na bila umeme dirisha halipandi, buti ya umeme haifunguki, na breki ya mkono ya umeme haiachii. Hakikisha ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti upo na unafungua mlango. Breki ya umeme ikifungwa na betri ikafa baharini, huko Mombasa hawataweza kulisukuma gari litoke. Mwandalie wakala wako maelekezo ya mahali pa kuunganishia umeme wa msaada chini ya boneti.

Gari lifungwe kwa mikanda kwenye ndoano za kuvutia na magurudumu, si kwenye mikono ya suspensheni. Ndoano ya mbele kwa kawaida imo ndani ya buti, pembeni ya jeki. Itoe kabla hujajaza masanduku. Mbao za kuzuia magurudumu ziwe na mhuri wa ISPM 15 kwamba zimechomwa joto, vinginevyo wakaguzi wa mimea wana haki ya kuzikataa. Osha matao ya magurudumu na sakafu ya chini mpaka tope liishe. Na ile soketi ya nati za kuzuia wizi wa rimu, kidude kidogo ambacho magari mengi ya Uingereza yanacho na hakuna duka la Mombasa linalokiuza, isafiri nawe kwenye mkoba.

Vyombo vya nyumbani vikiwa ndani ya kontena hilo, viandikiwe orodha yake kamili kwa majina na idadi. "Vitu mbalimbali, maboksi 14" ni mwaliko wa kufunguliwa yote kumi na manne.

Mombasa

Wakala wa forodha mwenye leseni ndiye anayeingiza tamko lako kwenye mfumo wa iCMS wa KRA. Mkabidhi nakala za kila kitu wiki mbili kabla ya meli, lakini halisi za pasipoti na V5C zishike wewe na uzionyeshe mwenyewe zikihitajika. Faili iliyokamilika ina pasipoti za sasa na za zamani, V5C, risiti ya ununuzi, cheti cha PIN, hati ya shehena yenye jina lako kama mpokeaji, cheti cha ukaguzi cha KEBS, vyeti vya bima na MOT, na barua au hati zinazoonyesha kwamba kazi au masomo yameisha na umehama. Soma hati ya shehena ikiwa bado rasimu. Tarakimu moja ya chesisi ikikosewa, marekebisho yanapitia kampuni ya meli na yana ada, na gari linakaa.

Kukaa ndiko kunakokula pesa. Mzigo unatakiwa utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Ukizidi, forodha wanaweza kuuhamishia kwenye bohari yao. Ukipitisha siku 30 humo, hutangazwa, na siku 30 baada ya tangazo hilo huhesabika kuwa umeutelekeza, na mnada unafuata. Wachache hufika huko. Wengi huumizwa na siku za kawaida: hifadhi ya bandari au ya CFS, bohari ya makontena nje ya bandari, kila siku, pamoja na faini ya kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena lake. Wakala akikupa bei moja ya jumla, mwambie aitenganishe: ada yake, ada za bandari, ada za CFS, kampuni ya meli, na kinachokwenda serikalini. Kinachokwenda serikalini kina nambari ya malipo, na kilipe wewe mwenyewe.

Msamaha ukikubaliwa na chesisi ikikaguliwa, gari linasajiliwa NTSA kupitia akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, linapata namba za Kenya, kisha linatoka. Jina la akaunti hiyo lifanane na la PIN. Bima ya Kenya ikatwe kabla ya kugusa barabara. Ile ya Uingereza haina maana hapa. Spidomita ya gari la Uingereza inasoma maili, na alama za barabarani za hapa ni kilomita: sindano ikiwa kwenye 50, unakwenda 80. Kwenye magari mengi ya karibuni kuna sehemu ya kubadilisha kwenye menyu ya dashibodi. Taa za mbele usiziguse, zimeelekezwa kushoto kama zinavyotakiwa.

Ukifikiria kuliuza, kumbuka msamaha ulikuwa wako, haukuwa wa gari. Ukimhamishia mtu asiye na haki hiyo, ushuru uliosamehewa unaweza kudaiwa. Andikia KRA kwanza upate jibu la maandishi, ndipo umpokee mnunuzi pesa.